Jahazi la Kumbi

Zamani neno bandia halikuwa na aibu. Kamusi za mwanzo wa karne ya 20 zililieleza kwa utulivu kabisa: mwanasesere, mtoto wa kuchezea. Mtoto wa bandia alishonwa kwa vitambaa, akajazwa sufi au pamba, akavikwa kipande cha kanga kuukuu, kisha akafungwa mgongoni mwa msichana ambaye mwenyewe hakuwa ameacha kubebwa zamani. Hapakuwa na udanganyifu wowote ndani yake. Aliyembeba alijua idadi ya matambara yaliyomo tumboni mwake, maana ndiye aliyeyatia. Leo neno lile lile limetolewa mikononi mwa wasichana likapelekwa kituo cha polisi. Kuna noti bandia, dawa bandia, vyeti bandia, na mwenye kulitamka hulitamka kwa kukunja uso. Naye mwanasesere, baada ya kunyang'anywa jina lake, amepewa jipya la kuazima, mdoli, ambalo limekuja pamoja naye ndani ya boksi.

Lugha hubadilika, na hapana haja ya kuvaa kaniki kila neno linapohama mtaa. Lakini safari ya neno hili yastahili kutazamwa, kwa kuwa imekwenda sambamba na safari ya kitu chenyewe. Bandia wa matambara alikuwa na kichwa cha fundo, uso mtupu au nukta mbili za makaa, na mikono ya kijiti kimoja kilichopitishwa kifuani. Mengine yote yalitiwa na akili ya mwenye kucheza. Alilia alipotakiwa kulia, akaumwa alipotakiwa kuumwa. Mdoli wa dukani analia kwa betri, na betri zikiisha kilio chake nacho kimekwisha.

Wasomaji wa visiwani watakumbuka habari iliyopokewa katika Sunan ya Abu Daud, ya Bi Aisha na wanasesere wake. Kati yao palikuwa na farasi mwenye mbawa mbili za viraka. Mtume alipouliza inakuwaje farasi awe na mbawa, alijibiwa kwa mfano wa farasi wa Nabii Suleiman, naye akacheka. Habari hii hutajwa sana na wanazuoni kwa ajili ya hukumu yake, na hukumu si mada ya ukurasa huu. Kinachogusa hapa ni vile viraka. Mkono wa mtu uliokota vipande vilivyobaki katika ushonaji, ukaona ndani yake mbawa, na alipoulizwa, mwenye farasi alikuwa na jibu tayari. Mbawa za viraka zimekumbukwa kwa zaidi ya karne 13.

Kiswahili hakina nomino moja kongwe inayokusanya vitu vyote vya aina hii. Mfasiri anayekutana na neno la Kiingereza linalovijumlisha huzungukazunguka: vitu vya kuchezea, vikorokoro, vichezeo, mwishowe hukubali kuweka maneno matatu mahali pa moja na kusonga mbele. Si haki kusema kwamba huo ni umaskini wa lugha. Kila kitu kilikuwa na jina lake, pia, tiara, kishada, gololi, manati, bandia, na aliyekitengeneza hakuwa na sababu ya kuviweka vyote ghala moja. Duka ndilo linalohitaji jina la jumla, kwa sababu rafu lazima iandikwe kibao. Kwa upande mwingine, kitenzi kucheza kimepewa nafasi kubwa sana. Ngoma huchezwa, jino la mtoto hucheza kabla ya kung'oka, na usukani ulioachia katika bawaba zake husemwa kuwa unacheza. Fundi huliogopa jambo hilo la mwisho, ilhali mtoto anayetengeneza gurudumu hulitafuta, kwa kuwa gurudumu lisilocheza hata kidogo juu ya mhimili wake halizunguki.

Majina hayo yana hadithi zao. Pia, ile ya kuzungushwa kwa uzi, ndiyo iliyolipa goti jina la mfupa wake wa mbele, au goti ndilo lililoipa. Kwa vyovyote, mtu wa pwani akianguka husema ameumia pia ya goti, na hakumbuki kwamba ametaja mchezo. Iliyosifiwa zaidi ilichongwa kwa mti mgumu kama wa mpera, ikapigwa msumari chini, na sifa yake ilikuwa kulala, yaani kuzunguka kwa kasi hata ikaonekana imesimama tuli. Tiara nalo ni neno la Kiarabu, kutoka mzizi wa kuruka, na ndugu yake wa Kiarabu cha leo hubeba abiria mamia. Tiara ya mtoto ilibeba mkia wa matambara tu. Fremu yake ilikuwa chelewa mbili au tatu za kuti la mnazi, ngozi yake karatasi ya shashi au gazeti, na gundi yake uji mzito wa unga. Aliyekosea uzito wa mkia aliiona tiara yake ikijipigiza kichwa chini kama kuku anayechinjwa, na hapakuwa na maelezo ya karatasini ya kumwambia kosa liko wapi. Alikata, akafunga tena, akakimbia tena.

Lakini kati ya vitu vyote hivyo, kimoja ndicho kilichokuwa cha kisiwa hasa, nacho ni chombo cha kumbi.

Nazi ilipofuliwa kwenye kifuo, kumbi lilibanduka kwa vipande virefu, na kila kipande kilikuwa tayari kimekwisha kuchongwa na Mola wake: kimechongoka huku na huku, mgongo wake umeviringana, ndani kina bonde. Mtoto hakulibuni umbo la jahazi. Alilikuta limelala uani karibu na jiko, likingojea kutiwa motoni pamoja na kuni. Kazi yake ilikuwa kuliokoa na moto, kisha kulifanya liende.

Na kulifanya liende halikuwa jambo dogo. Kumbi bichi ni zito, hukaa chini mno majini. Lililokaa juani siku kadhaa huelea juu sana, na pumzi ya kwanza ya upepo hulilaza ubavu. Hapo ndipo mtoto alipokutana na farumi kabla hajalisikia neno lenyewe. Aliweka kokoto bondeni, chombo kikatulia. Akaongeza ya pili, kikainamia omo na kuanza kunywa maji. Akairudisha ya pili kuelekea tezi, omo ikainuka. Kati ya kokoto hizo mbili na upana wa vidole vinne alijifunza jambo ambalo nahodha wa jahazi la tani mia hulihesabu kila anapopakia mikoko au magunia. Mlingoti ulikuwa uchelewa uliochomekwa katika nyuzi za kumbi, na tanga lilikuwa jani la mkungu lililotobolewa mara mbili, juu na chini, ili litune. Mlingoti ukiwekwa katikati kabisa, chombo huzunguka na kupoteza njia. Ukisogezwa mbele, hukubali kufuata upepo. Chini palipachikwa kipande cha kifuu au cha bati la debe kuwa mkuku, na nyuma kingine kilichopindwa kidogo kuwa usukani. Usukani huo haukuwa na mshikaji. Ulitegwa kabla ya safari, kwa kukisia, na kosa lake halikurekebishika mpaka chombo kirudi, kama kitarudi.

Kurudi au kutorudi kulitegemea mahali alipozaliwa mtoto. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki. Mtoto wa Jambiani au Paje, katika pwani ya mashariki ya Unguja, alikuwa na upepo unaorudisha vitu nchi kavu, na ndani ya mwamba alikuwa na maji tulivu ya kuzuiwa, tena maji yakipwa vilibaki vidimbwi ambamo chombo kingeweza kusafiri kutwa nzima bila kupotea. Mtoto wa Mji Mkongwe, kwa upande wa magharibi, alipoachia chombo chake wakati wa kusi aliagana nacho. Kilitoka kwenda kwenye visiwa vidogo vilivyo mbele ya mji, na macho yalikisindikiza mpaka jani likafanana na povu. Tofauti hii ndogo ya upande wa kisiwa ilizaa watoto wa namna mbili: wale waliokuwa wakirekebisha chombo kimoja mwezi mzima, na wale waliotengeneza kipya kila siku. Nani kati yao alijifunza zaidi ni swali lisilofaa kukatiwa shauri upesi.

Mtu mzima aliyekuwa pembeni akitengeneza nyavu zake hakufundisha. Alitazama kwa jicho moja, akisha akasema neno: "Omo kuzito." Au: "Punguza farumi." Neno lilishika, kwa sababu lilikuta mahali pa wazi palipokuwa pakilisubiri, mtoto alikuwa amekwisha kuujua uzito wa omo, alikuwa hajui tu kwamba una jina. Ndivyo yalivyopita, kutoka kinywa hadi mkono, maneno kama tezi, foromali, demani, joshi, mbisho. Leo yamo katika kamusi na huko hayatapotea. Bali mwanafunzi akiyakuta katika utenzi hufunua kamusi, akasoma kwamba farumi ni vitu vizito vinavyowekwa chomboni kukizuia kisipinduke, akaandika maana hiyo katika daftari, akapata alama. Ameambiwa kweli tupu. Hata hivyo shairi aliloliacha juu ya meza halijatikisika.

Wenye kupenda historia ya vyombo watatambua jambo jingine katika chombo hiki cha kitoto. Jahazi na mashua zina tanga la kitambaa lenye kuelekea pembe tatu, na mbao zake zimeshikwa kwa misumari. Kumbi lenye jani halifanani nazo. Limekaribia zaidi mtepe, chombo cha kale cha pwani hii, hasa cha visiwa vya Lamu, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake lilikuwa la mraba, la mkeka. Haidaiwi hapa kwamba watoto waliuhifadhi mtepe kwa siri baada ya wazee kuuacha. Huo ungekuwa ushairi wa bei rahisi. Inadaiwa tu kwamba fundi wa mtepe na mtoto wa uani waliutazama mti mmoja, mmoja akachukua nyuzi za kumbi, wa pili akachukua umbo lake, na wote wawili wakakata tanga katika majani.

Mtepe ulitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Ulipojengwa upya mmoja wa mfano Unguja mwaka 2003, mafundi hawakuwa na chombo kizima cha kukinakili. Palikuwa na picha, maandishi ya wasafiri na wataalamu, na vijimfano vilivyohifadhiwa katika makumbusho. Chombo hicho kiliwekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Kijimfano cha mbao kilichochongwa na mtu mzima kiliingia kabatini na siku moja kikawa shahidi. Kumbi lenye jani la mkungu halikuwekwa kabatini na mtu yeyote. Lilichanika, likaoza, likafagiliwa. Saa ya kuti iliyofungwa mkononi mwa mtoto, ambayo akrabu zake zilionyesha daima saa aliyoitaka mwenyewe, iligeuka manjano kabla ya Ijumaa. Miwani ya kuti haikuona Jumapili. Historia ya mambo haya haina vielelezo, na hilo limewafanya watu wafikiri kwamba haina uzito.

Upande wa wasichana ulikuwa na elimu yake, pengine iliyo ndefu zaidi kwa sababu haikukatizwa na ubaleghe. Mvulana alikiacha chombo cha kumbi akaenda kupanda ngalawa. Msichana aliyepewa masalio ya ukindu na mama yake alisuka ukili mwembamba, akaushona uwe mkeka wa shibiri moja kwa ajili ya bandia wake, na ukili ule ule, mpana zaidi, aliendelea kuusuka hadi uzeeni. Katika vijiji vya pwani ya Unguja wanawake huzika makumbi katika mchanga unaofikiwa na maji kwa miezi kadhaa, kisha huyaponda yatoe usumba wa kusokota kamba. Mtoto aliyekaa karibu alipata konzi ya usumba, akasokota baina ya viganja vyake kamba ya kumfungia bandia kitanda, au akiwa na subira, kamba ya kurukia. Kama ilikatika katikati ya kuruka, wenzake walimcheka, na alijua ni wapi mkono wake ulilegea. Mwalimu huyo hakuhitaji fimbo.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuipaka sukari dunia hii. Aliyetengeneza gari la kopo, mara nyingi alilitengeneza kwa kuwa hakuwa na jingine, na lau angepewa la dukani angelipokea kwa mikono miwili na kulala nalo. Watoto wa wenye uwezo walikuwa na vitu vilivyokuja na meli, na vitu hivyo vilitazamwa kupitia madirisha. Manati, ile panda ya mpera yenye mpira wa baiskeli, iliua ndege wasio na hesabu, na ulimbo wa utomvu wa fenesi uliwanasa wengine kwa namna isiyopendeza kusimulia. Msumari uliotiwa motoni ili kutobolea plastiki uliunguza vidole kabla ya kutoboa. Waya za gari hazikuokotwa zote. Nyingine zilikatwa kwenye ua za watu, na viboko vilivyofuata vilikuwa vya haki. Tena wasichana waliotaka kurusha tiara waliambiwa wakapepete mchele. Wazee wanaosimulia kwa machozi ya furaha michezo ya utotoni aghalabu husahau kutaja njaa iliyokuwa ikichezewa.

Wala mambo hayakuanzia na kuishia kwenye mnazi. Debe la mafuta ya taa lilipofika, lilikatwa likawa lori. Kizibo cha soda kilipondwa kikawa bapa, kikatobolewa matundu mawili, uzi ukapitishwa na kusokotwa. Kikivutwa na kulegezwa huvuma kama nyuki, na ukingo wake hukata kidole kama wembe. Sanduku la kiberiti lilikuwa basi. Ringi ya baiskeli isiyo na spoku ilikuwa pikipiki, na mlio wake ulitoka kinywani mwa dereva. Waya ulipopatikana, gari lilipata umbo la kweli kabisa, lenye usukani mrefu unaofika kifuani mwa mwenye kulisukuma, na magurudumu ya mbele yakikata kona. Gurudumu lenyewe, tangu watu walipoanza kuvaa viatu vya mpira, lilikatwa katika kisigino cha kandambili. Kila bandari ina jina lake kwa kiatu hicho, ndara, patapata, malapa, champali, lakini gurudumu lake ni lile lile: laini, la kimya, lisilopasuka, na hukatika vizuri kwa kisu cha jikoni kilichochukuliwa bila ruhusa.

Kandambili hizo zilikuja na mkondo wa bahari kwa wingi ambao hakuna mtoto angeweza kuumaliza. Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, kaskazini ya visiwa vya Lamu, fukwe zilijaa plastiki iliyotupwa kwingineko na kuletwa na maji, hata kasa walipata taabu kupanda kutaga. Watoto wa huko walikuwa wakiziokota kandambili na kuchonga vitu vya kuchezea. Mwaka 1997 mtafiti wa bahari Julie Church, aliyekuwa akifanya kazi ya hifadhi katika eneo hilo, aliviona vitu hivyo, na akina mama wakahimizwa kukusanya, kuosha na kuchonga vya kuuza. Kazi hiyo ilikua, ikahamia Nairobi, ikawa kampuni inayojulikana sasa kwa jina la Ocean Sole, nayo huuza twiga, tembo na kasa wa rangi nyingi hadi ng'ambo ya bahari.

Hapana sababu ya kulibeza jambo hili. Fukwe zimesafishwa, watu wamepata riziki. Lakini mtu akimtazama twiga wa namna hiyo aliyesimama juu ya rafu ya ofisi fulani, safi, mwenye shingo iliyonyooka, hawezi kukosa kuona kwamba amevuka mpaka. Ametoka katika vitu vya kuchezwa akaingia katika vitu vya kutazamwa. Hana gurudumu. Hakuna anayemvuta kwa kamba juu ya mchanga mpaka mguu wake ukatoka, kisha akautia tena kwa mwiba. Wazo lilikuwa la watoto, mkate ukawa wa watu wazima, na kadi ndogo iliyofungwa shingoni mwake haina nafasi ya kuandika yote hayo.

Miaka 21 baadaye wazo lile lile lilirudi baharini kwa ukubwa wa kutisha. Huko Lamu fundi Ali Skanda na wenzake waliunda chombo cha tanga cha mita tisa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa, na mwili wake ukafunikwa kwa vipande vya kandambili zipatazo 30,000. Kiliitwa Flipflopi. Kilishushwa majini mwezi wa Septemba 2018, na mwanzoni mwa mwaka 2019 kikasafiri kutoka Lamu hadi Unguja, mwendo wa kilomita 500 hivi. Waliokwenda kukilaki walistaajabu kwamba takataka inaweza kuwa jahazi. Mtoto yeyote wa Kiunga wa mwaka 1997 angeweza kuwaambia kwamba hilo halina ajabu, na huenda angeuliza farumi imewekwa wapi.

Kwa hiyo si sahihi kusema, kama inavyosemwa katika mabaraza mengi, kwamba ufundi huu uliuawa na plastiki. Plastiki iliulisha. Mfuko wa plastiki ulikuwa mpira wa chandimu uliofungwa kwa kamba, na ulikuwa tiara isiyoogopa mvua. Zanzibar iliupiga marufuku mwaka 2006, Kenya mwezi wa Agosti 2017, Tanzania Bara mwezi wa Juni 2019, na kila mpenda bahari alishukuru, nao watoto walirudi kwenye matambara na soksi bila kumlalamikia mtu.

Simu nayo hubebeshwa lawama upesi mno. Imekuja mwishoni, ilikuta nyumba iko nusu tupu. Kabla yake nazi ilikwisha kuacha kufuliwa uani. Familia nyingi za mjini hununua nazi iliyokwisha kuambuliwa, au iliyokunwa kabisa sokoni, na kumbi hubaki kwa muuzaji, rundo refu lisilo na mtoto. Makaa na gesi vimechukua nafasi ya kuni, basi hata rundo la kuokolea chombo halipo. Fundi cherehani amepungukiwa na kazi kwa sababu ya mitumba, na vipande vilivyokuwa vikianguka chini ya meza yake, vile vilivyokuwa mbawa za farasi, havianguki kwa wingi ule. Viwanja vimejengwa. Pwani nyingi zina kuta, na mlinzi anayejua kwa mtazamo mmoja nani ni mgeni na nani ni mtoto wa kijijini. Na juu ya yote ni wakati. Mtoto hutoka shule akaenda chuoni, akatoka chuoni akaenda tuisheni, na anaporudi jua limekwisha kuzama. Chombo cha kumbi kilitaka alasiri tatu au nne zisizo na jina: moja ya kulikausha, moja ya kutafuta jani, moja ya kushindwa. Alasiri ya namna hiyo sasa huitwa uvivu, na mzazi mwenye mapenzi hawezi kumruhusu mwanawe aipate.

Kilichopungua, basi, ni masalio na nafasi ya kuyaokota. Mikono ya watoto haijabadilika. Hata leo, panapokuwa na ujenzi, msumari uliopotoka na kipande cha mbao havilali usiku mmoja. Na katika vijiji vya Pemba na vya Lamu wako watoto ambao wakiona kumbi hawaoni kuni.

Mzazi au mwalimu anayetaka kujaribu hahitaji fedha, ila ahadharishwe kwamba asikifanye somo. Kumbi litokane na nazi iliyokomaa, liwe limechongoka pande zote mbili, likauke juani siku tatu au nne, lisiachwe mpaka likafunguka kama kitabu. Uchelewa uwe wa kuti kavu, kwa maana mbichi hupinda. Jani la mkungu lichumwe lingali na unyevu kidogo, ama sivyo litachanika linapotobolewa. Jani la mfenesi nalo hufaa, ingawa ni zito. Mlingoti usimamishwe theluthi ya kwanza kutoka omo. Bati la mkuku likatwe na mtu mzima. Mahali pawe kidimbwi cha maji yaliyopwa, upepo ukiwa wa wastani, si wakati wa bamvua maji yakirudi kwa kasi. Kokoto achague mtoto mwenyewe, na mtu mzima akae mbali kidogo, na nyavu zake, kama anazo.